Nikaha Siku ya Mbio

Siku ya mbio za farasi, Bagamoyo ililewa kwa zamu. Wazungu walianza asubuhi, wameketi vitini chini ya turubai, boi akiwazungukia na sinia la bilauri. Makarani wa ofisini wakafuata, wao wakilewa kwa adabu nyuma ya motokaa za mabwana zao. Mwisho wakaja watu wetu, wana wa msikitini, waliokwenda kunywa tembo nyuma ya minazi wakidhani Mungu haoni huko. Jua lilipoanza kuinama wote walikuwa sawa, wanayumba na kutukana mama za watu. Hata hivyo askari polisi alimpigia saluti mlevi huyu, akamtia pingu yule, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

Mwanamvua aliyajua hayo kama alivyoijua njia ya kisimani. Mumewe, Bwanausi, alikuwa saisi, mtunza farasi wa mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, na kila mwaka siku ya mbio yeye Mwanamvua ndiye aliyekwenda kumzoa. Alikwisha kumkuta kalala bandani, kalala mtaroni, na mwaka mmoja kalala katikati ya wapiga tarumbeta, nao wanapiga. Hakuwa mlevi wa ngumi. Alikuwa mlevi wa kulia na kuomba radhi, na mara nyingine Mwanamvua aliona heri angekuwa wa ngumi, maana huyo ungemchukia ukapumzika.

Chanzo kilikuwa kikombe. Farasi akishinda, yule mzungu alijaza wiski ndani ya kile kikombe cha fedha cha ushindi, akampa saisi wake anywe mbele ya watu mpaka chini, na wazungu wakapiga makofi. Sheria yao wenyewe ilimkataza mtu mweusi kugusa wiski, lakini siku hiyo sheria nayo ilikuwa imekaa chini ya turubai inacheka. Mwaka wa kwanza Bwanausi alikataa, akasema yeye ni Mwislamu. Wakacheka zaidi. Mwaka wa pili akanywa, na baada ya hapo hakuhitaji tena kungoja mbio wala kikombe.

Posa ya kwanza ya binti yao wa pekee, Somoe, ilivunjikia hapo. Wazee wa upande wa mwanamume walitoka Winde kuja kupanga siku ya harusi, wakakutana njiani na hamali anasukuma mkokoteni, juu yake kapakiwa baba mkwe, miguu inaburura mchangani. Walimsalimu hamali kwa heshima zote, wakageuza. Hawakuonekana tena, na mji mzima ulijua sababu. Somoe alikaa ndani muda mrefu, hata kisimani akawa anakwenda jua kali, wakati wenzake wamelala.

Ndipo ikaja posa ya Husseni, kijana mkulima wa Zinga, watu wa taratibu, wasiopenda maneno. Somoe alikubali. Hakudai dhahabu wala kanga za kubadilisha. "Mimi nataka kitu kimoja tu, baba," alisema. "Uniozeshe mwenyewe, kwa kinywa chako. Watu wa mji huu wakusikie."

"Inshallah, mwanangu," Bwanausi alijibu, na machozi yakamtoka naye hajaonja kitu. "Nitakuozesha mwenyewe."

Na kweli akaacha. Ramadhani ikapita, Mfungo Mosi ukaingia, mtu anarudi nyumbani ananuka farasi tu. Mashavu yakamjaa. Mwanamvua akaanza kulala usingizi wa kawaida, ule wa kutosikiliza mlango, akaona ajabu jinsi usiku ulivyo mrefu.

Nikaha ilipangwa Jumamosi, baada ya alasiri, barazani kwao. Siku chache kabla, ikatangazwa kwamba mbio za farasi zimehamishiwa Jumamosi hiyohiyo, kwa kuwa mgeni mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam na hana siku nyingine. Mwanamvua alipoambiwa alikuwa anapeta mchele. Aliendelea kupeta. Mialiko ilikwisha fika Zinga na Kaole, mbuzi alikwisha fungwa uani, na mtu gani ataiambia serikali ingoje harusi ya saisi?

"Sultani anaingia mbio ya kwanza," Bwanausi alimtuliza. Sultani ndiye farasi aliyemtunza. "Akimaliza tu, namkabidhi Kitwana, nashika njia."

"Na kikombe?"

"Nitasema naumwa tumbo."

"Useme mapema, Baba Somoe. Usingoje wakujazie."

"Nitasema mapema."

Jumamosi Bwanausi aliamka kabla ya adhana. Mwanamvua alikuwa ameitundika kanzu yake mpya msumarini, imepigwa pasi, na koti lake juu. Bwanausi aliitazama, hakuigusa. Alikwenda hadi chumba cha Somoe, ambaye alikuwa amelala na hina mikononi, akamwekea mkono kichwani, akaukawiza. Somoe akafumbua macho, akatabasamu. Alipofika mlangoni Bwanausi aligeuka, akamwuliza mkewe, "Abdala hajaenda shamba?" Abdala ni mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja.

"Aende shamba leo? Si ndiye anayechinja mbuzi!"

"Haya," akasema, akaenda msikitini.

Adhuhuri ikaadhiniwa, hajarudi. Wali ukapikwa, watu wa Zinga wakafika na kofia zao mpya, wakakaribishwa barazani, na Bwanausi hajarudi. Akina mama jikoni walianza kusema kwa sauti ya chini, ile ambayo nia yake ni usikie. Mwanamvua hakumuaga mtu. Alivaa buibui, akachukua chupa ya maji na ndimu mbili, akatokea mlango wa uani. Alitembea haraka, na moyoni alikuwa akimtetea mumewe: labda farasi kaumia, labda yule mgeni mkubwa kamweka. Baba yu hai, yuko mjini, baba mdogo hawezi kuozesha bila idhini yake. Wazinga wangengoja mpaka magharibi, kisha wangesimama, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka kama wale wa Winde. Na Somoe safari hii asingetoka tena ndani, hata jua kali.

Uwanjani mbio zilikwisha zamani, ulevi ndio uliobaki. Mzungu mmoja alikuwa amekumbatia mlingoti wa bendera, anatapika, na askari amesimama wima kando yake kama anayemlinda liwali. Mwingine alikuwa amempanda punda wa mchota maji kinyumenyume, mabibi wanacheka. Mwanamvua alipita ukingoni, uso ameufunika, mpaka kwenye mabanda.

Kitwana, saisi mwenzake Bwanausi, alimwona mbali akasimama. Hakungoja kuulizwa. "Yuko ndani, shemeji."

"Walimlazimisha?"

Kitwana aliangalia kwato za farasi. "Ningependa kukwambia hivyo. Leo hakuna aliyemlazimisha. Sultani hajatandikwa bado, mwenzangu alikwisha anza. Ametoka msikitini, akaja, akanywa."

Bwanausi alikuwa kwenye majani makavu, mgongo ukutani, na Sultani amesimama juu yake anatafuna bila wasiwasi. Alipomwona mkewe uso ukamng'aa. "Tumeshinda, Mama Somoe!"

"Simama."

"Tumeshinda. Waulize."

Alimmwagia maji ya kichwa. Akamkamulia ndimu mdomoni, akamfikicha masikio, akamvuta mikono, akamwambia jina la bintiye, akalirudia. Akisikia jina hilo Bwanausi alilia tu, akasema, "Niwie radhi, niwie radhi," akateleza tena chini. Mwanamvua akaketi kwenye majani kando yake. Alikuwa amechoka hata hasira haikuja. Alitaka tu kukaa pale, karibu na mnyama asiyejua nikaha, mpaka mtu mwingine amalize siku hiyo kwa niaba yake.

Askari aliyetoka kulinda mtapikaji akachungulia. "Huyu mumeo? Mtoe upesi. Nikimkuta barabarani atalala ndani."

Basi wakamtoa, yeye na Kitwana, kwa mkokoteni uleule wa kila mwaka, kwa njia ya nyuma. Walimwingiza uani, wakamlaza kivulini karibu na kuni, wakamfunika gunia. Mwanamvua akanawa mikono, akaenda mlango wa pembeni, akamtuma mtu amwite Mwalimu Sadallah, ambaye ndiye angesimamia nikaha.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, nisitiri. Baba Somoe amerudi, ila si mzima. Waombe wageni wangoje mpaka isha. Nitamwogesha, nitampa kahawa, atasema. Maneno yenyewe machache, ataweza."

Mwalimu aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayeleta habari njema: "Hapana haja ya kungoja. Bwanausi alinijia leo alfajiri, baada ya sala. Akampa Abdala uwakili wa kumwozesha binti, mbele ya mashahidi. Aliomba tu asiambiwe mtu mpaka wakati ufike. Sisi tulikuwa tunamalizia kahawa, tuanze."

"Alfajiri?"

"Alfajiri. Akili zake timamu kabisa. Alisema, leo ni siku ya mbio, na mimi najijua."

Mwanamvua alisema alhamdulillahi, kwa kuwa ndilo neno la kusema. Na kweli alifurahi. Somoe ameokoka, Wazinga hawageuzi, na aibu ya mkokoteni haitarudi. Furaha hiyo ilimfikisha ukumbini tu, ikamwisha. Kumbe maji yote yale, ndimu, kulitaja jina la mtoto kwenye majani ya farasi! Mwenzake alikwisha kata shauri kabla jua halijatoka. Hakushindwa na kikombe. Alikipisha njia.

Aliingia chumbani kwa Somoe, akaketi naye mkekani. Kutoka barazani ikaja sauti ya Abdala, kavu kidogo kwa woga: "Nimekuoza Somoe binti Bwanausi, kwa uwakili wa baba yake..."

Somoe alinyanyua uso chini ya ushungi. "Hiyo si sauti ya baba."

"Si yeye. Amempa uwakili baba yako mdogo."

"Amelewa?"

"Amelewa. Yuko uani."

Husseni akasikika anajibu kwamba amekubali. Somoe alingoja amalize. Hakulia. "Lakini alijaribu, mama? Alimpa uwakili baada ya kushindwa?"

Mwanamvua angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo, lisilo na gharama. Lakini Mwalimu anajua, mashahidi wanajua, kesho mji mzima utajua, na mtoto ataambiwa na mtu baki.

"Alfajiri," akasema. "Kabla ya yote."

Mkono wa Somoe wenye hina ukapanda taratibu kichwani, pale palipowekwa mkono asubuhi. "Basi alikuwa ananiaga."

"Alikuwa anakuaga."

Fatiha ikasomwa, ikaisha, na jikoni wanawake wakapiga vigelegele. Mwanamvua naye akapiga, maana mama mtu asipopiga watu huuliza. Vilipokuwa vimepamba moto, sauti ikajibu kutoka uani, nene, yenye furaha ya mtu aliyelala nusu: "Tumeshinda, Mama Somoe! Tumeshinda!"

Barazani mtu mmoja akakohoa. Mwanamvua akaenda akaufunga mlango wa uani, akapandisha komeo, kisha akarudi jikoni kupakua wali, maana wageni wa Zinga walikuwa na safari.