Taa ya Kijani Yenye Haraka

Kwenye kompyuta, fundi aliufuta mstari wa programu uliowasha taa ya kijani, akaandika mwingine mahali pake: ngoja kadi ya kumbukumbu iseme imemaliza kuandika. Kisha akakisogeza kinasa sauti kidogo mbele ya baba yake mdogo, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza.

"Haya, Baba Mdogo. Rudia."

Baba yake mdogo alizikwa mwezi uliopita. Alianza kuja karakanani siku fundi alipoifungua programu inayoendesha kadi ya kumbukumbu, na kwa kila jaribio alirudia maneno yake ya hospitali. Siku ile ya hospitali alimwomba mkewe angoje nje, akasema na kinasa sauti kilichotoka karakana hiyo hiyo, kisha mkewe akaingia kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Muuza chai alimwekea kikombe, maana mgeni ni mgeni.

"Mama watoto, lile bakuli la mama yako nililivunja mimi. Paka nilimsingizia. Ukamfukuza, nami kimya. Nisamehe."

"Umesema haraka mno."

"Mwenye haraka ni hicho kidude chako. Mimi naenda wapi tena?"

Ilikuwa kweli. Maelezo ya mtengenezaji wa kadi yalisema wazi: kadi ikiwa inaandika huonyesha ishara ya shughuli, na umeme usikatwe mpaka ishara iondoke. Programu haikungoja. Iliwasha taa ya kijani, ikazima umeme, na maneno ya hospitali yakapotea njiani.

Fundi alizima, akawasha, akasikiliza. Bakuli, paka, nisamehe: yote yalikuwemo. Taa ilichelewa kidogo tu, kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu.

Mkuu wa karakana akaingia, akamwamkia mgeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu marehemu.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Safi. Vipya vitoke hivi."

"Na vilivyouzwa?"

"Tumewaambia watu wanabonyeza vibaya. Leo tuwaambie nini? Funika kombe mwanaharamu apite."

Fundi aliinamisha uso. Jibu lile alikuwa amelitunga mwenyewe, na wa kwanza kupewa alikuwa mama yake mdogo, mjane wa marehemu, macho bado mekundu kwa msiba.

Simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Mwanangu, naomba unifundishe tena kubonyeza. Mikono yangu hii ndiyo iliyompoteza baba yako mdogo mara ya pili."

Marehemu alitua kikombe, akamtazama fundi. Kinasa sauti kilikuwa mezani, kimejaa maneno yake.

"Mikono inazeeka, Mama," alisema fundi. "Usijali. Nitakuja kukuelekeza."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Alipokata simu, hakuthubutu kugeuka.

"Hata mimi nilianza na paka," alisema marehemu.

Fundi alikifungia kinasa sauti kwenye droo. Baba yake mdogo alisuuza kikombe, akakifunika, akauliza kesho wanaanza saa ngapi.