Wavu Uliokataa Kunyooka

Petro, mtunza uwanja wa Chuo cha Ualimu Mtondoo kule Kibamba, ana kawaida ya kufungua nyavu za magoli asubuhi inayofuata mechi, kabla mbuzi hawajafika na kabla ya wale wanaopenda kamba za bure. Jumapili ile aliufungua wavu wa goli la upande wa barabarani, akaukunja na kuutia kwenye gunia. Wavu wa goli la upande wa msikitini ulikataa kunyooka. Ulikuwa umevimba kwa nyuma, chini kidogo ya kona ya kulia, uvimbe wa ukubwa wa mpira, na ndani yake hapakuwa na kitu. Petro aliuvuta, akaukung'uta, akaulaza chini na kuukalia. Alipoinuka, uvimbe nao uliinuka. Aliutia guniani, gunia likatoa nundu. Akaona isiwe taabu, akautundika tena golini na kwenda kunywa chai.

Kilichokuwamo mle kila mtu Kibamba alikijua. Lilikuwa bao la Nurdin.

Siku iliyotangulia Mtondoo walikuwa wamewakaribisha Chuo cha Biashara Nuru Njema kutoka Kinondoni, mechi ya mwisho ya ligi ya vyuo vidogo, na sare ingewatosha Mtondoo kwenda Morogoro kwenye mashindano ya kanda. Nuru Njema walikuwa mbele kwa bao moja. Dakika za lala salama Mtondoo walipiga mpira wa adhabu, na Nurdin, mshambuliaji wao, akaupokea ndani ya boksi akaupiga bila kuuliza. Wavu ukatikisika, watu wakaingia uwanjani, mmoja akavua shati. Ndipo kikaonekana kibendera juu. Ameotea, akasema refa, na mechi ikaisha hivyo. Aliyeinua kibendera alikuwa Jenipher, binti wa fundi Albano.

Habari za wavu zilipofika Mahakama ya Rufaa, hakuna aliyeshtuka. Mahakama ya Rufaa ni mabenchi mawili yaliyo mbele ya meza ya Bi Yasmini, muuza kahawa na vitumbua, na yamepewa jina hilo kwa sababu Kibamba hakuna mechi inayoishia uwanjani. Isack wa bodaboda, ambaye hajawahi kukubali penalti yoyote waliyopewa wageni, alisema bao limegoma kutoka kwa kuwa ni haki yake kuwemo. Bi Yasmini akasema bao ni kama mgeni, ukimkatalia mlango baada ya kuingia atakaa tu. Wote wakaona ni sawa, wakarudi kwenye jambo lenyewe, yaani kuotea.

Na jambo lenyewe lilikuwa na utata. Vyuo vyote vya ligi vilipewa jezi za bluu na mfadhili mmoja, mtu mwenye rangi moja tu ya ukarimu, hivyo wageni walivaa juu yake vizibao vya mazoezi, vya rangi ya chungwa. Jenipher alieleza tangu mwanzo kwamba Nurdin alipopasiwa, mbele yake alikuwa kipa peke yake. Karibu na mlingoti alisimama mtu mwingine, lakini alikuwa wa bluu, wa Mtondoo. Wachezaji wa Mtondoo waliulizwa mmoja mmoja. Kila mmoja alijua aliposimama, na hakuna aliyesimama pale. Mahakama ikagawanyika. Wako waliosema binti aliona kivuli, wako waliosema alishikishwa kitu kidogo, na wako waliosema ni mwanafunzi wa zamani aliyefia uwanjani hapo, kapita kutazama mechi. Hoja hii ya tatu ilikataliwa kwa sababu marehemu alikuwa kipa, asingesimama mlingotini.

Basi Isack akamgeukia Albano. Albano ni Mmakonde wa Newala, anachonga vinyago vya mpingo chini ya kibanda cha bati hatua chache kutoka mabenchini, na kwa Mtondoo ni shabiki wa kulia machozi. "Mzee, wewe ndiye baba. Sie tushike lipi?"

Albano alikuwa na bao moyoni lililokataliwa, na moyo wa namna hiyo haupimi maneno. "Mwanangu kakosea," alisema. "Macho yake hayajakomaa kwa mechi kubwa. Tumtafutie za watoto kwanza."

Jenipher alikuwa nyuma yake, amekuja kuchukua vitumbua vya asubuhi. Aliwaamkia wazee wote, akapokea vitumbua vyake kwenye gazeti, akaondoka. Hakuharakisha wala hakuinamisha kichwa, na Albano, aliyemlea, alijua maana yake.

Alipofika nyumbani, Jenipher alikunja vibendera vyake, akavitia chini kabisa ya sanduku la nguo, na kumpigia katibu wa waamuzi kwamba asimpangie tena mechi. Baba yake hakupungukiwa kitu. Aliamkiwa, alitengewa maji ya kuoga, aliwekewa chakula chini ya kawa. Ila hakuambiwa neno la mpira. Tangu mkewe, Margareta, alipofariki, mpira ndio uliokuwa mazungumzo ya nyumba ile. Wawili hao walibishana kona kwenye uji wakamalizia kwenye ugali, na katika kubishana huko walikuwa wamefunzana kuishi wawili badala ya watatu. Sasa vijiko vilisikika. Albano aliumia, na ukweli ni kwamba alistahili.

Ligi ya msimu mpya ilianza, na wavu ulibaki vilevile. Petro aliazima mwingine kutoka shule ya msingi jirani. Huo nao, siku alipoutundika, ulivimba palepale kabla hajafunga kamba ya mwisho, akaurudisha kwa heshima, shuleni ukanyooka. Timu ngeni zilizofika Mtondoo ziliambiwa mapema, kama inavyopasa kwa wageni, kwamba kona ya kule kuna mteremko, pembeni kuna bomba linalovuja, na kwenye wavu kuna bao. Makapteni walitikisa kichwa na kuuliza choo kiko wapi. Albano, akipita kwenda kununua msasa, alizoea kusimama nyuma ya goli na kuweka kiganja chake juu ya uvimbe ule. Ulikuwa na joto kidogo.

Alasiri moja Adelard, kocha wa Nuru Njema, alifika Mahakama ya Rufaa na mkewe, Kokuberwa. Walikuja kwa mwendokasi mpaka Kimara, wakaunganisha. Adelard alikuwa mtu wa tabasamu na viatu safi. Baada ya mechi ile alimpa mkono kila mtu uwanjani, Jenipher pia, akisema asiyekubali kushindwa si mshindani, ingawa yeye ndiye aliyeshinda. Kwa sababu hiyo kamati ya ligi ilimpa ngao ya Kocha Muungwana wa Msimu. Siku hiyo ngao alikuwa nayo kwapani, na tabasamu hakuwa nalo.

Alisalimia, akakaribishwa kiti, akakataa kahawa. Kokuberwa ndiye aliyeanza. Alisema chandarua cha chumbani kwao kilivimba kwa ndani tangu usiku wa mechi ile, upande anaolala yeye. Walinunua kingine, kikavimba. Walipewa chenye dawa kliniki, kikavimba vilevile. Mbu hawaingii, hilo hana ugomvi nalo. "Lakini mie siwezi kulala na kitu cha watu," alisema. "Nimemwambia akirudishe kwa wenyewe."

Adelard aliiweka ngao mapajani na kuiangalia.

"Mtu wa bluu pale mlingotini alikuwa Brightson, beki wangu," alisema. "Alikuwa amevua kizibao. Mimi ndiye niliyemwambia avue mpira wa adhabu ukipigwa, avae tena ukiisha. Nilijua mshika kibendera atamhesabu wa kwenu."

Hakuna aliyepiga kelele, hata Isack. Kwa watu waliobishana jambo kwa miezi, jibu lake ni kama msiba, unajua ya kuwa sasa mtakosa cha kufanya jioni. Bi Yasmini alimmiminia kocha kahawa bila kumuuliza, naye safari hii akainywa. Kisha akaomba aitiwe yule binti.

Jenipher alikuja, akamwamkia kocha shikamoo kama kawaida. Adelard aliitikia marahaba, akasimama. "Macho yako hayana tatizo," alimwambia. "Uliona vizuri kile nilichokuonyesha."

"Brightson angepaswa kuonywa kwa kadi ya njano," alisema Jenipher. Hilo ndilo lililomuuma kitaaluma, na Mahakama yote ikakubali kwamba kadi ilistahili.

Kocha hakuishia hapo, tumpe haki yake. Alikwenda kwenye kamati ya ligi akasema yote, akaomba matokeo yafutwe na ngao ichukuliwe. Kamati ilikaa kikao kirefu chenye soda. Ikaamua kwamba kauli ya refa ni ya mwisho, kwamba Nuru Njema walishakwenda Morogoro na kurudi, na kwamba kocha anayekiri makosa yake kwa hiari amethibitisha kuwa ngao ilikwenda kwa mtu sahihi. Wakampa na cheti. Adelard alirudi Kibamba akaiacha ngao mezani kwa Bi Yasmini, kwa kuwa hakujua pengine pa kuipeleka, na mpaka leo Bi Yasmini anapangia vikombe juu yake. Kokuberwa alipiga simu baadaye kuwajulisha kwamba uvimbe wa chandarua umepungua, sasa una ukubwa wa chungwa, na mumewe amehamia upande huo wa kitanda.

Albano alibaki na lake. Kitandani aligeuzageuza maneno na kila alilolishika akaliacha, maana kwao baba hamwombi mtoto radhi kwa maneno, humpelekea kuku akanyamaza. Lakini kuku hawezi kujibu tusi lililosemwa mbele za watu. Asubuhi yake alichukua kipande cha mpingo alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kinyago cha mteja wa Mikocheni, akaanza kuchonga mpini mwembamba, wa kuenea kwenye kiganja cha mwanamke. Vibendera vya Jenipher vilikuwa vimefungwa kwenye vipande vya fagio tangu siku ya kwanza, na Albano, fundi wa mbao, alikuwa anaviona kila Jumamosi na hakuwahi kuona aibu. Sasa aliiona, akapiga msasa mpaka mikono ikawaka.

Jumapili Mahakama ilipojaa, alimtuma Jenipher vitumbua. Binti alipofika, Albano alisimama.

"Hapahapa nilisema mwanangu kakosea," alisema. "Nafuta kauli. Na mnisikie wote, nimeifuta mbele yake." Kisha akageuka. "Nisamehe, mama. Nilikusema kwa watu kabla sijakuuliza wewe."

Akampa mpini. Jenipher aliupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito, akakunja mkono na kuunyoosha kama anavyofanya pembeni mwa uwanja.

"Mzito kidogo, baba," alisema.

"Utazoea."

"Nitazoea." Alikuwa anatabasamu, na Isack akajifanya anatafuta ufunguo wa pikipiki chini ya benchi.

Jumamosi iliyofuata Jenipher alirudi uwanjani, Mtondoo wakicheza na chuo cha ufundi kutoka Temeke. Jezi bado zilikuwa za bluu kwa timu zote, mfadhili hajabadili rangi. Kabla ya filimbi alipita kwa wageni mmoja baada ya mwingine, akahakikisha kila kizibao kimechomekwa ndani ya bukta, na akawaambia kitakachotoka kitaonekana. Aliyenung'unika alitakiwa achomeke upya.

Kipindi cha pili Nurdin alichomoka kulia, akapokea pasi ndefu na kumchungulia kipa. Alipiga chini ya kona ya kulia. Mpira uliingia moja kwa moja kwenye ule uvimbe ukakaa, kama yai kwenye kiota, ikabidi kipa autoe kwa mikono. Watu wakaingia uwanjani. Isack alivua shati, akakumbuka umri wake, akalivaa tena.

Petro alifungua nyavu asubuhi yake. Wa upande wa barabarani ulikunjika. Wa upande wa msikitini ulikuwa umevimba palepale, kwa kiasi kilekile, kwa sababu bao la Jumamosi lilikuwa limehesabiwa na kwenda zake, na lile la kwanza bado halijahesabiwa popote. Kwenye matokeo ya ligi Mtondoo wamefungwa moja bila, na watabaki wamefungwa. Petro hakujisumbua na gunia. Alikaza kamba mbili zilizolegea na kwenda kunywa chai.

Jumapili hiyohiyo Jenipher aliweka uji mezani, akakaa, akamtazama baba yake.

"Uliona beki wa kushoto alivyochelewa kupanda? Ndiye aliyemweka Nurdin sawa."

"Sikuona," alisema Albano.

"Hukuona bao?"

"Nililisikia. Nilikuwa natazama mkono wako."

Jenipher alikoroga uji wake, ambao haukuhitaji kukorogwa. Kisha akauliza kama na ile kona ya kipindi cha kwanza baba ataitetea, Albano akasema ilikuwa kona halali hata kwa kipofu, na uji ukapoa wakibishana.