Daraja Lililoliwa na Ng'ombe

Daraja letu lililiwa na ng'ombe asubuhi ya siku ya mkutano wa wahandisi, na wa kulaumiwa ni Crispin. Nilimwambia alale nalo chumbani. Yeye akaliacha uani kwa shangazi yake, mtaa wa Bombambili, kando ya banda. Daraja la mabua ya mahindi, kiangazi hiki, mbele ya ng'ombe mwenye ndama! Nilipompitia Crispin nilikuta kamba mbili tu zimetafunwatafunwa.

"Shikamoo, shangazi," nilisema huku machozi yakinilenga.

"Marahaba, mwanangu. Jamani, mimi niliona mabua, nikamsogezea. Ningejuaje kama ni daraja?"

Siku hiyo tuliisubiri mwaka mzima. Kila Jumamosi mimi na Crispin, wanafunzi wa uhandisi, tulikwenda Maposeni kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kujenga madaraja kwa mabua. Sasa tulikuwa tunamaliza chuo, na hakuna aliyetaka kuturithi. Wahandisi waliokutana hapa Songea wasipoipokea kazi ile, ilikuwa inakufa, na wale watoto wangetungoja bure.

"Basi tusiende, Honorata," Crispin alisema kinyonge.

"Utakwenda hata kwa kubebwa. Shangazi, mabua mengine yapo?"

Yalikuwepo, rundo zima la akiba. Tukajitwisha, pamoja na furushi la kamba. Mlangoni pa ukumbi wa mkutano mlinzi akatuuliza mifugo yetu iko wapi, nami sikuwa na muda wa kumjibu mtu kama yule.

Zamu yetu ilipofika, Mhandisi Hilda, mwenyekiti wa mkutano, alitutazama juu ya miwani. "Vijana, mliandika mtatuonyesha daraja. Liko wapi?"

"Limeliwa na ng'ombe, mwenyekiti."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Ajabu ni kwamba kicheko kile kilinipa nguvu. "Kwa hiyo mtalijenga nyinyi," nikasema. "Mabua haya, kamba hizi. Litoke meza hii hadi ile, libebe chupa zenu za maji. Watoto wa Maposeni wanaweza."

Hapo niliwagusa penyewe. Makoti yalivuliwa, tai zikatupwa mabegani. Mzee Kajetani, mhandisi wa barabara mwenye mvi tele, alipiga magoti sakafuni akifoka, "Pembetatu! Wekeni pembetatu hapo!" Watu wazima waligombania kamba. Moyo ulinidunda kwa furaha, maana ndivyo wanavyogombana watoto wetu.

Wakapanga chupa za kwanza. Daraja likalia, likapinda, likavunjika katikati, chupa zikabingirika chini ya viti. Mzee Kajetani alibaki ameshika bua lake, hajui aangalie wapi. Nikajua tumekwisha. Tumewaaibisha wakubwa mbele ya wenzao, nani atatusaidia sasa?

Ndipo Crispin, ambaye mbele ya watu hata jina lake hulitaja kwa shida, akapiga kigelegele. Mwanamume mzima! Kirefu, cha harusini kabisa.

"Samahanini," akasema, jasho likimtoka. "Kule Maposeni daraja likivunjika tunashangilia. Halafu tunauliza, limeanzia wapi?"

Mzee Kajetani aliinama, akageuza vipande kimoja kimoja. "Hapa," akasema taratibu. "Fundo hili. Nimelifunga mimi." Kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Leteni mabua! Tunarudia!"

Chakula kilipoa. Wapishi walikuja kutuita, wakaishia kusimama wakitazama. Daraja la pili lilibeba chupa zote za mezani, na bado wakaongeza. Lilipovunjika mwishowe, wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa Mhandisi Hilda mwenyewe, na ukumbi mzima ukauliza kwa sauti moja, "Limeanzia wapi?"

"Jumamosi mnaondoka saa ngapi?" mwenyekiti akaniuliza, bado anahema.

"Saa moja asubuhi. Lakini sisi tunamaliza chuo, mwenyekiti, na..."

"Nendeni mkafanye mitihani yenu. Jumamosi zenu sasa ni zetu. Nani anakwenda na mimi?"

Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi hata nikashindwa kujizuia, nikalia pale pale mbele yao.

"Ila mabua mengine tutayapata wapi?" aliuliza Mzee Kajetani, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu.

Nilimtazama Crispin, nikajifuta machozi.

"Kwa shangazi yake," nikasema. "Tukimuwahi ng'ombe."