Tano-Tatu ya Don Evelio

Nereida aliingia uani kwa Tongo muuza duka akiwa na miaka sitini na ushee, na kaka yake mkubwa, Radhamés, alikuwa amekaa palepale mezani akiwa na miaka ishirini na mbili. Hesabu hiyo haikumsumbua tena. Alishaingia ua huo mara nyingi, kila mara Jumapili ileile mjini Baní, mchana uleule wa jua kali, redio ikipiga merenge ileile na Tongo akipangusa chupa ileile ya ramu.

Jumapili hiyo aliijua tangu utotoni. Mama yake, Casilda, alikuwa amemtuma: kamwite kaka yako, chakula kinapoa. Akamkuta anacheza dhumna na mgeni aliyevaa kofia nyeupe. Radhamés akafungwa. Na ua ule, kama nyua zote za mji ule, ulikuwa na sheria yake: aliyefungwa husimama, ampishe mwingine kiti. Radhamés akasimama, akamkonyeza mdogo wake, akaelekea getini. Hakufika. Kati ya meza na geti hapana hata mti wa kujificha, lakini hakufika.

Mtaa mzima ukaamua kwamba kijana amepanda mashua ya magendo kwenda Puerto Rico na kuzama. Watu wakikosa jibu hawakosi maneno. Casilda alikataa kumwekea matanga. Kila Jumapili alikwangua ukoko wa wali chini ya sufuria, akauweka kwenye sahani ya Radhamés, ukakauka kama kigae, na Jumatatu akawatupia kuku. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Nereida akasomea fizikia. Wengine husoma kwa mapenzi; yeye alisoma kwa hasira, na hasira ikamfikisha. Akafundisha, akastaafu, na jikoni kwake, katikati ya masufuria, akaunda bangili ya shaba inayoweza kumrudisha mtu kwenye siku yoyote aliyowahi kuiishi, kisha kumrejesha alikotoka. Aliyejua siri hiyo ni jirani yake Minerva tu, mwenzake wa kahawa ya asubuhi kwa miaka mingi. "Nenda," Minerva alimwambia. "Ila usinicheleweshe. Mimi sinywi kahawa peke yangu kama mchawi."

Basi alirudi, akamjua adui yake. Don Evelio, yule wa kofia nyeupe, hakuwa mtu wa Baní wala wa zama zile. Alitoka mbele kabisa, kwenye miaka ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, mashine zimewashinda watu katika kila mchezo hata watu wakaacha kucheza. Yeye hakuweza kuacha. Akashuka nyuma kutafuta wapinzani wenye damu, na mfukoni akabeba kisanduku cheusi, kadiri ya kiberiti, chenye kitufe kimoja. Akifungwa, anabonyeza, na mkono mzima, yaani duru nzima ya mchezo, unarudi mwanzo kana kwamba haukuchezwa. Akishinda, anaacha ulivyo. Kwa hiyo hajafungwa tangu aanze.

Radhamés alinasa kwa mdomo wake mwenyewe. Kijana yule alikuwa na moyo mzuri na kichwa maji. Alipoishiwa cha kuweka dau, alivua medali aliyovalishwa na mama yake, akaiweka mezani na kusema, "Naweka hii, pamoja na Jumapili zangu zote!" Wenzake walicheka. Don Evelio hakucheka. Alilichukua neno lile kama lilivyo. Tangu hapo Radhamés akifungwa husimama, huelekea getini, na hujikuta tena kwenye kiti, hana hili wala lile.

Nereida alikuwa amemfunga Don Evelio zaidi ya mara moja. Kila mara aliona kidole kikienda mfukoni, na kete zikirudi kifudifudi. Bangili ndiyo iliyomfanya akumbuke. Radhamés na Tongo hawakukumbuka chochote.

"Umerudi, bibi," alisema Don Evelio bila kuinua macho. Alikuwa na sauti ya upole, na hilo ndilo lililomkera Nereida kuliko yote.

"Nimerudi. Hujachoka?"

"Kuchoka? Na nani mwingine ananikumbuka? Nikikuona wewe ninafurahi, niamini usiniamini."

Radhamés aliwatazama kwa zamu. "Ala! Don Evelio, kumbe una mchumba?"

"Funga domo, kijana," alisema Nereida, na moyo wake ukaruka kwa raha ya kumkaripia. "Mtu mzima hataniwi."

"Shikamoo basi, bibi. Umetuletea nini?"

"Nimekuletea akili, maana naona huna."

Tongo alicheka hadi kitambaa kikamdondoka. Nereida akavuta kiti, akakaa. Safari hii hakuja kumfunga Don Evelio. Alishaelewa, tena alichelewa kuelewa, kwamba mtu anayeweza kufuta kila kufungwa hawezi kufungwa. Kitu pekee asichokifuta ni ushindi. Lakini si ushindi wowote, maana ushindi wa kawaida alikuwa nao tele, na kuupoteza mmoja kusingemuuma.

"Nijibu jambo," alisema. "Umewahi kupata kapikua?"

Mikono ya Don Evelio ilisita juu ya kete. Uani pale kila mtu aliijua kapikua: kumaliza kwa kete inayoingia ncha zote mbili za mezani. Huja yenyewe, na ikija watu husimuliana wiki nzima.

"Nimezitengeneza," alijibu taratibu. "Narudisha mkono nyuma, napanga, narudisha tena. Ikifika nimeshajua itafika. Inakuwa hesabu tu. Ya kujijia, hapana. Haijanijia."

"Kwa sababu mwenzako mezani ni Tongo. Tongo anakuogopa."

"Mimi?" alisema Tongo. "Mimi namwogopa mke wangu tu."

"Mfanye huyu mwenzako." Nereida alimwonyesha kaka yake kwa kidevu. "Hakuna mchezaji mbovu kuliko huyu Baní nzima. Ukishinda naye, ndipo nitakuvulia kofia."

"Jamani, nipo hapahapa!" alilalamika Radhamés.

Don Evelio alimpima kijana kwa macho, na Nereida akaiona tamaa ikimpanda usoni, tamaa ya mtu aliyeonyeshwa mlima mpya. "Unaweka nini?"

Nereida alivua bangili. Alijua anachokivua. Alivua nyumba yake, vitabu vyake, kaburi la mama alilolifagia kila mwezi, na Minerva akingoja na birika mlangoni. Akapiga moyo konde, akaiweka mezani. "Naweka njia yangu ya kurudi. Nawe weka medali ya kijana, na yote yaliyo nyuma yake. Na tucheze kwa sheria ya ua: kilicho mezani ni cha wawili walioshinda."

"Bila shaka," alisema Don Evelio, mawazo yake yakiwa tayari kwenye kete. Katika kucheza kwake kote hakuwahi kumhesabu mwenzake kuwa mtu. Kwake mwenza alikuwa mkono wake wa pili tu.

Hapo ndipo mpango wa Nereida ulipoishia. Kilichobaki alimwachia kaka yake, na kumwachia Radhamés jambo ni kujitafutia presha.

Wakacheza wanne, Nereida na Tongo upande mmoja. Nereida alicheza kwa dhati, kwani Don Evelio angenusa hila mara moja. Radhamés naye alicheza kama kawaida yake, akigonga kete mezani utadhani anaua nge, na kila Nereida alipomwangalia alimwona akiwa mtoto, mwembamba, shingo bado haijakomaa. Na Nereida ndiye aliyezaliwa mdogo kati yao wawili. Ilimuuma kumwona kijana hivyo.

Mwishoni mezani ncha moja ilikuwa tano, nyingine moja, na zamu ilikuwa ya Radhamés. Alibakiwa na kete mbili. Don Evelio alibakiwa na moja. Uso wa Radhamés haukuwahi kuficha kitu, wala mikono yake: Nereida aliziona kete zake, tano-sita na moja-tatu. Akiitoa tano-sita, mzunguko utamrudia na atamaliza mwenyewe, kwa kishindo, kama alivyopenda tangu utoto. Kwa ajili ya kishindo hicho alishaharibu mikono isiyo na idadi.

Akaishika tano-sita. Kisha akamtazama Don Evelio, akazihesabu kwa macho kete zilizokwisha kuchezwa, akairudisha. Akaitoa moja-tatu na kuilaza polepole bila kugonga.

Ncha zikawa tano na tatu. Nereida hakuwa na hata moja. Aligonga meza kwa kidole. "Napita."

Don Evelio hakucheza mara moja. Aliishika kete yake kwa mikono miwili. Alipoigeuza, ilikuwa tano-tatu.

"Kapikua!" Tongo alipiga kelele, akasahau kwamba ndiye aliyefungwa. "Mama yangu, kapikua!"

"Kwa nini?" Don Evelio alimuuliza Radhamés, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Ungemaliza wewe. Kwa nini umeuua mkono wako?"

Radhamés aliinua mabega. "Si umesema haijawahi kukujia? Na mimi si mwenzako?"

Kisha, kwa kuwa ndiyo sheria, alinyoosha mkono na kuchukua chake mezani. Alijivisha medali. Na hapo Don Evelio akaelewa kwamba Jumapili zote za kijana zimerudi kwa mwenyewe. Nereida aliona kidole kikiingia mfukoni kutafuta kitufe.

"Bonyeza," alimwambia. "Urudishe yote. Labda atakupa kapikua tena. Labda."

Kidole kilikaa mfukoni. Don Evelio aliitazama tano-tatu yake iliyolala kati ya ncha mbili, akamtazama kijana, akaitazama tena kete. Nereida, ambaye alikuwa amemchukia maisha yake yote, alimwonea huruma, na akajikasirikia kwa huruma hiyo. Mwishowe mkono ulitoka mtupu.

Tongo akasogea kuzikoroga kete waanze duru nyingine. "Usiziguse!" alisema Don Evelio. "Tafadhali. Usiziguse." Bangili ilikuwa mbele yake, yake kwa haki, lakini hata hakuitazama. Nereida hakuiomba. Aliyefungwa husimama, akasimama.

Radhamés naye alikuwa wima. "Bibi, unaelekea wapi? Nikusindikize, jua kali." Akampa mkono wake, wakaelekea getini. Nereida alifumba macho hatua za mwisho, akisikia kokoto chini ya viatu vya kaka yake. Kitasa kililia. Alipofumbua, walikuwa barabarani wote wawili, na mbele yao kitoto cha kike chenye magoti ya vumbi kilikuwa kinakuja mbio. "Radhamés! Mama anasema chakula kinapoa!"

Jikoni, Casilda alikuwa kijana kiasi cha kuwa binti yake. Nywele zake hazikuwa na hata unywele mweupe. Alimpiga mwanawe kibao cha mapenzi begani kwa kuchelewa, akamvutia mgeni kiti, akapakua wali na maharage. Kisha akakwangua ukoko na kuuweka kwenye sahani ya Radhamés. Radhamés akaukata, akasukuma nusu kwa mgeni.

Nereida aliutia mdomoni. Ulikuwa wa moto, una mafuta, unalia chini ya meno.

"Mbona unalia, bibi?" aliuliza Casilda. "Umetoka mbali?"

"Mbali sana."

"Na unarudi lini?"

Nereida alimtazama mama yake. "Sirudi."

"Basi kula," alisema Casilda, na kumwongezea maharage.