Mita Nne za Damu ya Mzee

Usiku wa jana wifi yangu Chausiku aliota ndoto, na leo asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alinifuata jikoni kunisimulia. Nayaandika upesi kama alivyoyasema, maana akisimulia mara ya pili ataongeza chumvi.

Kwanza mjue jambo moja. Jumamosi mjukuu wangu Zamda anaolewa, na sare ya wanawake wa ukoo ni kitambaa cha damu ya mzee. Si maruni. Si nyekundu iliyokoza. Mama wa bibi harusi, mkamwana wangu Mwajabu, alisema damu ya mzee, na kwa Mwajabu rangi ni kama mtu, ina jina lake na ukilikosea inanuna. Jora likaletwa, likakatwa kwa desturi yetu: wazee kwanza, wengine baadaye. Chausiku akaitwa pamoja na wazee. Akacheka.

"Mimi? Mimi nina hamsini na mbili. Niwekeni na wasichana."

Hamsini na mbili hiyo anayo tangu Zamda anaanza shule. Basi akangoja zamu ya wasichana, na jora likaisha kabla ya kumfikia. Asiye na sare, kwetu, hakai na ukoo. Anakaa kwenye turubai la waalikwa, anapewa soda kama mgeni. Hilo ndilo alilolala nalo.

Katika ndoto, Chausiku yuko dukani. Duka halina mwenyewe. Majora ya vitambaa yamesimama yenyewe, yanapiga soga.

"Shikamoo," anasema Chausiku, maana hajui mkubwa ni nani.

"Marahaba," linajibu jora la kijivu, huku likipukutisha majivu sakafuni. "Unatafuta nini?"

"Nyekundu hivi. Iliyoiva iva."

Duka zima linamgeukia.

"Nyekundu hivi," linarudia jora la kijivu, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa. "Bibi, hapa hatuuzi hivi. Taja jina."

"Usiniite bibi."

Anaona haya, analiegemea jora la kijani. Linamwomba maji, limeanza kunyauka upande wa kusini. Anatafuta kopo, analimwagilia. La rangi ya maziwa linamwambia asiliweke karibu na dirisha, likichacha atalibeba yeye. Anapita mbele ya zambarau bila kuligusa, na ulimi wake tayari umebadilika rangi.

Kule pembeni samawati na bluu bahari wanagombana.

"Watu wanatuita ndugu," samawati analalamika. "Mimi natoka juu. Huyu ana dagaa."

Na kweli, dagaa mmoja anadondoka kwenye pindo la bluu bahari. Chausiku anamwokota na kumrudisha. Bluu bahari anasema asante.

Sasa pale dukani ni zahanati. Benchi ni lile lile la zahanati yetu, lenye msumari. Chausiku hashangai, ila anakaa mbali na msumari. Mlango wa daktari unafunguka na futi ya fundi cherehani inatoka ikitambaa, inaita: "Wa damu ya mzee, aingie!"

Ndani kuna jora moja fupi, nene, limeketi kitini limeegemea mita ya mbao. Rangi yake ndiyo yenyewe. Mwajabu mwenyewe angelia.

"Mita nne tu, mzee wangu," anasema Chausiku. "Harusi ni Jumamosi."

"Mimi nakatwa kwa wazee kwanza. Wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

Jora halikasiriki. Linapauka tu. Pale pale linakuwa rangi ya waridi.

"Umeona?" linasema. "Rudia tena niwe nyeupe, wanishone pazia la zahanati."

Chausiku anajishika kifua. "Hamsini na tisa!"

Jora linakuwa rangi ya tofali. Futi inakohoa.

"Sitini na moja."

Rangi ya kiazi kitamu.

"Sitini na tatu, Wallahi!"

"Hapo mimi ni maruni," linasema jora, na linainamisha kichwa. Majora mengine, yaliyokuwa yanachungulia mlangoni, yanatazama pembeni kwa heshima.

Chausiku anaiona Jumamosi yote. Anamwona Mwajabu amesimama mlangoni, anamtazama mara moja tu, anamwonyesha turubai. Anaiona ile soda.

"Sitini na saba," anasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Jora linaiva taratibu, toka pindo hadi pindo, mpaka linakuwa damu ya mzee kamili. Halafu zahanati nzima, kijivu, kijani, samawati, hata dagaa, wanaitikia pamoja: "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba," anajibu Chausiku. Aliniambia lilimtoka kinywani tamu kama tende.

Chaki ya fundi inaruka mezani, inamwandikia umri kwenye mkono wa gauni ili asiulizwe tena. "Nikatie basi," anasema Chausiku.

"Nikukatie mara ngapi?" linauliza jora. "Zako zilikatwa siku ile ile. Kaulize nyumbani."

Akaamka.

Mimi nilikuwa nakoroga uji. Nikautua chini, nikaenda kwenye sanduku langu, nikarudi na mita nne zilizokunjwa vizuri. Akazitazama kama mtu aliyeona mzimu.

"Wifi! Tangu lini?"

"Tangu siku ya kukata. Nilikukatia na wazee wenzako."

"Na umeniacha wiki nzima nalia?"

"Ningekupa ungekataa. Ungesema hicho ni cha wazee."

 Akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe mwanamke," akasema, "subira yako ina ukatili ndani yake."

"Kunywa uji."

Hakunywa. Alijilaza kwenye mkeka pale pale jikoni, kitambaa kifuani, akisema miguu inamuuma, kasimama dukani usiku kucha. Hata sijamaliza kupuliza moto, keshalala. Mkono wake ukateleza ukaangukia karibu na mimi, na kwenye mkono wa gauni nikaona 67, imeandikwa kwa chaki ya fundi, na mstari umepigwa chini yake.

Humu ndani hatuna fundi. Nikamfunika khanga, nikamwacha alale.