Kisima Kilichohamia Langoni

Siku ya Mtakatifu Lasair ilipokaribia, Bwana Thornhill, mwenye ardhi yote ya bonde lile la Ayalandi, alikifukia kisima cha mtakatifu huyo kwa mawe na samadi. Sheria ya Waingereza iliwakataza Wakatoliki kuhiji visimani. Aliyekamatwa alichapwa viboko hadharani.

Gobnait, mjane aliyeishi kwa kusokota sufu, alipopata habari aliepua uji wake, akavua viatu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza jirani yake, Fainche.

"Kuhiji."

"Kuhiji kwenye samadi? Watakuchapa, mwenzangu!"

"Mama yangu alipona macho kwa maji yale. Nimwachie Thornhill?"

Akaenda peku, akalizunguka lile lundo akisali rozari. Msimamizi wa Thornhill, Crewe, akamkuta.

"We bibi, unaabudu mavi ya ng'ombe?"

"Nakuombea wewe. Mavi yana nafuu."

Crewe na watu wake walimfunga kwenye nguzo sokoni, wakamchapa. Gobnait hakulia. Kila kiboko kilipotua alitaja jina la mtakatifu, na kufikia kiboko cha tatu soko zima likawa linamwitikia: "Utuombee!" Crewe aligeuka huku na huku, asijue amkamate nani.

Lakini maji hayafungwi kwa mawe. Mvua zilipokolea, yale ya kisimani yalipenya chini kwa chini, yakabubujika katikati ya njia ya gari la farasi la Thornhill, mbele ya lango lake. Gobnait, mgongo ukiwa bado mbichi, akaenda kupiga magoti pale pale matopeni. Fainche akamfuata, viatu mkononi. Kufikia adhuhuri bonde zima lilikuwa pale, na gari la bwana halikuwa na pa kupita.

Crewe aliinua mjeledi, akawatazama, akaushusha.

"Nyie mnataka nini?"

"Hatutaki kitu," alijibu Gobnait. "Tunasali. Bwana wako ndiye aliyehamishia kisima mlangoni kwake. Mwambie tumeshukuru, na kesho tutakuja tena."

Wakaja kesho, na keshokutwa. Juma halikuisha kabla Thornhill hajawatuma watumishi wake wakafukue mawe kule kisimani, maji yarudi mahali pake. Gobnait alisimama kando, mikono kiunoni, akiwasimamia.

"Lile kubwa bado, Crewe. Inama, baba, inama! Halitoki kwa kutazamwa."