Aliyeshushwa Kabla ya Kengele

Siku ya zoezi la moto, Mkasi ndiye aliyekuwa akiokoka mapema kuliko wote. Wenzake walikuwa hawajasikia hata kengele, yeye tayari yuko chini kwenye benchi la mlinzi, anakunywa maji.

Mkasi lilikuwa jina la kazini. Alikata vitambaa katika kiwanda cha kushona sare, ghorofa ya tatu, na mkono wake haukuwa na mfano pale. Unampa robota la kitambaa, anakunja, anapiga chaki mara mbili tatu, anakata, na mashati yote yanatoka ndugu wa tumbo moja. Miguu ndiyo iliyomkataa. Ilipooza akiwa na miaka mitatu, ikabaki myembamba, ya kuning'inia, na tangu hapo akawa mtu wa magongo mawili. Asubuhi alipanda kwa lifti ya mizigo, amesimama katikati ya marobota kama robota mwenzao. Jioni alishuka vilevile.

Lakini kengele ya moto ikilia umeme unakatwa, na umeme ukikatwa lifti inakufa palepale ilipo. Zinabaki ngazi. Zilikuwa hamsini na nne, nyembamba, na bomba la kushikilia lilikuwa limeng'oka ukutani upande mmoja.

Msimamizi wa ghorofa ile walimwita Dakika, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutia dakika ndani yake. Mara moja kwa mwaka mkaguzi wa zimamoto alikuja na saa yake ya mkononi, na alitaka watu wote wawe uani ndani ya dakika nne. Dakika alikuwa amepiga hesabu zamani. Mtu wa magongo kwenye ngazi zile ni robo saa, na nyuma yake watu mia na kumi na mbili wamekwama. Basi nusu saa kabla ya mkaguzi kufika alikuwa anakuja kwenye meza ya kukatia, sauti ameishusha kama anayetoa zawadi.

“Dada Mkasi, shuka ukapumzike kwa mlinzi.”

“Sijachoka.”

“Shuka tu, dada yangu. Unajua mambo ya leo.”

Akashuka. Miaka sita alishuka. Kusema kweli hakuona ubaya wowote. Benchi lilikuwa kivulini, mlinzi alikuwa mtu wa maneno mengi, na watu walipomiminika uani wakihema, yeye aliwapigia makofi na kuwauliza wamechelewa wapi.

Humo ghorofani alikuwa na ndugu mmoja, mke wa kaka yake, aliyekuwa mshonaji wa kola. Mkasi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Waliishi nyumba moja, wakala sufuria moja, na utani wao ulichangamsha safu nzima ya cherehani.

“Wifi, hizi kola za leo umewakatia twiga?”

“Nimepima shingo yako, wifi.”

Mambo yalikuwa hivyo mpaka siku ya moshi.

Ulianzia nyuma ya pasi ya mvuke, kwenye waya uliokuwa umefungwafungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Vumbi la nyuzi lililojazana pale likashika, moshi mweusi ukapanda hadi darini, kengele ikalia. Taa zikazimika. Watu wakakimbia kama walivyofundishwa, na walikuwa wamefundishwa vizuri: safu ya kwanza, safu ya pili, safu ya tatu, mlangoni, kwenye ngazi, kimya. Mkasi alikuwa mwisho kabisa wa chumba, juu ya kigoda chake kirefu. Aliwaona migongo tu. Aliita mara moja, jina la wifi yake, kisha akaacha kuita kwa sababu moshi uliingia kooni.

Alijishusha sakafuni, akatambaa hadi kwenye ndoo ya maji ya kulowanishia vitambaa, akaivuta kwa mkono mmoja na kusukuma sakafu kwa mwingine, akaumwagia moto maji, akautwanga kwa shati lililoloa. Haukuwa moto mkubwa. Ila hilo alilijua baadaye. Wakati ule hakuwa na namna ya kulijua.

Baada ya dakika ishirini wenzake wakarudi juu, wengine wanacheka kile kicheko cha kuondoa hofu, wakamkuta ameegemea mguu wa meza, uso mweusi kama chungu.

“Wifi,” mke wa kaka yake akasema, “kumbe ulikuwa huku?”

“Ulitaka niwe wapi?”

“Mimi nilijua uko chini. Kengele ikilia, si wewe huwa uko chini?”

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hilo ndilo lililomchoma Mkasi kuliko moshi. Dakika naye alifika mbio na daftari la mahudhurio, akaliweka mbele yake, akamwonyesha kwa kidole. Kwenye orodha ya waliofika uani, jina lake lilikuwa na alama ya vema.

“Unaona? Hukusahaulika. Nilikutia wewe wa kwanza.”

Mkasi aliitazama ile alama. Miaka sita ya mazoezi ilikuwa imefanya kazi yake barabara. Ilikuwa imewafundisha watu mia na kumi na mbili kwamba moto ukitokea, Mkasi hayupo.

Wiki ile akaenda kuusoma mpango wa moto uliobandikwa karibu na mlango, ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Ulikuwa umeandikwa vizuri. Ulisema mfanyakazi mwenye ulemavu atashushwa na wasaidizi wawili kwa kiti maalumu cha ngazi. Msaidizi wa kwanza alikuwa ameacha kazi miaka miwili iliyopita. Wa pili alikuwa mzee wa stoo, ambaye kuinua sanduku la vifungo tu kulimlaza siku nzima kwa mgongo.

“Hiki kiti kipo?” akamuuliza Dakika.

“Kipo.”

“Kiko wapi?”

“Si umekisoma hapo kwenye mpango?”

“Nauliza kiko wapi, nikakikalie.”

Dakika akakuna shingo. “Dada Mkasi, nipe dakika moja nikueleze. Mpango ni mpango.”

“Basi zoezi lijalo mimi sishuki mapema. Nataka nishushwe kama walivyoandika. Mkishindwa, tujue tumeshindwa.”

Alidhani atapuuzwa, na alipuuzwa, mpaka asubuhi ya zoezi lenyewe. Dakika alikuja na sauti yake ya zawadi, akamkuta anapiga chaki.

“Lifti inakusubiri.”

“Iache isubiri.”

Ndipo Dakika alipoipandisha sauti, safu zote zikasikia. “Tuna oda ya sare elfu nne za shule. Mkaguzi akituandikia vibaya, ghorofa inafungwa. Watu wote hawa warudi nyumbani kwa sababu ya mtu mmoja mbishi?”

Cherehani zikanyamaza moja moja. Wifi yake akainuka, akaja hadi mezani, akanong'ona. “Wifi, shuka tu. Kwani utapungukiwa na nini?”

“Moto ule ungekuwa mkubwa, ningepungukiwa na nini?”

“Hayo yamepita.”

“Kwako.”

“Kaka yako wiki ya tatu hii hajapata kiatu cha kushona. Tukifungiwa wote wawili tutakula nini? Na mimi nina watoto.”

“Najua una watoto. Mimi ndiye ninayewaogesha.”

Nje gari la mkaguzi lilipiga honi getini. Dakika akaitazama saa yake, akamtazama Mkasi, akazikimbilia ngazi.

Kengele ikalia. Wakainuka safu kwa safu. Wengine walipita karibu na meza wakiangalia dirisha, wengine wakiangalia mikono yao. Mmoja alisema “pole, dada” bila kusimama, kama anayempisha mtu sokoni. Wifi yake alikuwa wa mwisho. Alisimama, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akanyoosha mkunjo ambao haukuwepo, kisha akaenda.

Mkasi alikuwa amejiwekea sharti moja moyoni. Mtu yeyote, hata mmoja, akilitaja jina lake huko chini, ataushusha moyo, atacheka, na yatakwisha. Dirisha lilikuwa wazi. Aliona uani kote: mistari iliyonyooka, mkaguzi na saa yake, Dakika na daftari lake.

“Wote?” mkaguzi aliuliza.

“Wote mia na kumi na tatu.”

“Hakuna aliyebaki juu?”

Dakika alisema hakuna. Mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani, aliigeukia mistari na kuuliza tena kwa sauti, hakuna aliyebaki? Mkasi alimtafuta wifi yake kwa macho, akampata mstari wa tatu, anatazama ndala zake mwenyewe. Hakuna aliyelitaja jina lake. Mkaguzi akabonyeza saa, akasema dakika tatu na sekunde hamsini, akampa Dakika mkono.

Mkasi akayachukua magongo yake, akaenda kwenye ngazi, akayatupa chini yote mawili. Yalishuka kwa kishindo hadi kwenye kona ya kwanza. Yeye akakaa chini, akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja moja, akiishika ile miguu na kuitanguliza kama mtu anayeshusha mzigo wa mwenyewe. Kwenye kona aliyatupa tena. Ngazi ya thelathini sketi ilichanika. Hakuharakisha. Alipotokea uani, vumbi kiunoni, magongo kwapani, watu walikuwa bado wamejipanga, mkaguzi amemaliza kuwahutubia na anatafuta kalamu.

“Wewe umetoka wapi?” mkaguzi akauliza.

“Ghorofa ya tatu, baba. Nimeshaungua, nimekuja kutia sahihi.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Mkaguzi hakucheka. Alilichukua daftari mkononi mwa Dakika, akalitazama jina lenye alama, akamuuliza Mkasi maswali mengi, na majibu yote akayaandika. Alikuwa mtu mwema, hilo lazima lisemwe. Aliandika kwamba kiti kinunuliwe na watu wanne wafundishwe kukitumia. Akaongeza, kwa kumwonea huruma, kwamba mpaka hapo mfanyakazi huyo asipangiwe kazi juu ya ghorofa ya chini.

Ofisi ilisoma yote mawili. La kwanza lilikuwa na gharama na mafunzo. La pili lilitaka barua moja tu.

“Uliomba usalama,” Dakika alimwambia alipompa ile barua. “Umepewa.”

Meza ya kukatia ilikuwa na urefu wa mita tisa. Haikuweza kushuka, na chini hapakuwa na nafasi yake. Chini palikuwa na chumba cha kufungashia, na kwenye kona ya chumba hicho palikuwa na kiti, na juu ya kiti wakamweka Mkasi, wakampa kimkasi cha urefu wa kidole, apunguze nyuzi zilizobaki kwenye mashati yaliyokwisha kushonwa. Kazi ya mtu wa siku ya kwanza. Ghorofa haikufungwa, na oda iliendelea. Meza alipewa wifi yake, kwa sababu kwa miaka minne alikuwa ameutazama mkono wa Mkasi kwa karibu. Wenye midomo walisema ni kwa sababu anajua kunyamaza.

Nyumbani waliendelea kuongea, mambo ya chumvi na mkaa na sabuni. Utani ndio uliokufa.

Wiki ya tatu, saa ya chakula, wifi alishuka na kola mkononi. Akasimama mbele ya kiti.

“Wifi.”

“Sema.”

“Zinapinda. Zikipigwa pasi zinakaa sawa, zikifuliwa zinapinda. Wamenirudishia mia mbili, na Dakika anasema zikirudi tena ananitoa.”

Mkasi aliipokea ile kola, na hata kabla haijakaa vizuri kiganjani alikuwa ameshaona. Imekatwa mshazari. Kiolezo hakikulazwa kufuata uzi wa kitambaa. Kitu cha kumwonyesha mtu kwa nusu dakika, na akishakiona hakosei tena maisha yake yote. Aliipapasa kwa kidole gumba. Vidole vilitaka kusema.

“Siku ile uani,” akasema, “mkaguzi alipowauliza mara ya pili, ulikuwa unafikiria nini?”

“Nilikuwa namfikiria mwanao wa mwisho.”

“Mwanao wewe.”

“Wewe ndiye unayemwogesha, umesema mwenyewe. Nilifikiri, nikisema, atakula nini? Nikafikiri, si zoezi tu, si moto. Nikafikiri utanisamehe.”

“Na siku ya moto?”

“Siku ya moto sikufikiria kitu, wifi. Nilikimbia.”

Huo ulikuwa ukweli, na Mkasi aliujua kuwa ukweli, na haukumsaidia. Aliirudisha kola.

“Sina la kukwambia.”

“Hata moja?”

“Mlango wa ngazi uko pale. Saa ya chakula inakwisha.”

Alimsikia akipanda, polepole mwanzoni, kisha haraka. Akachukua shati lingine, akatafuta uzi, akakata. Shati hilo nalo kola yake ilikuwa imekatwa mshazari. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya yale mengine.

Jioni kaka alirudi na furaha. Kibanda chake cha kushonea viatu kilikuwa kimepata kazi, jozi nane za mtu mmoja. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akawatazama mke wake na dada yake wakipanga sahani na kupakua.

“Niwaambie kitu,” akasema. “Tangu ule moshi nilikuwa silali. Nikifumba macho naiona ghorofa. Sasa dada yuko chini, mlangoni kabisa, na mke wangu amepewa meza. Mungu atake nini tena? Usiku wa jana nimelala moja kwa moja mpaka asubuhi.”

“Lala, kaka,” Mkasi akasema.

Wifi yake aliendelea kupakua.